Mvumo wa Zamu Mbili

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maji, mgeni wetu rasmi, wakuu wa idara mlioambatana naye, wahandisi, wastaafu wetu mliokaa safu ya mbele, na mnastahili, wafanyakazi wenzangu wa zamu zote, pamoja na wale wawili walio chumba cha mitambo ambao wamefungua dirisha ili wasipitwe, majirani zetu wa nyumba za kituo, ndugu wanamuziki, na ninyi watoto mlioketi juu ya lile bomba, ambao mnajua vizuri kwamba hairuhusiwi, na leo nitajifanya sijawaona: habari za mchana!

Mshereheshaji ameniambia nina dakika chache. Nimemwambia sawa. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikisema sawa si lazima niwe nimekubali.

Nimepewa kazi ya kumzungumzia mtu ambaye mwenyewe hapendi kuzungumziwa. Huyu bwana mnayemwona pale karibu na spika, aliyevaa shati ambalo bado lina mikunjo ya dukani, ni fundi wetu wa pampu. Hapa kituoni tunamwita Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa kumpamba. Ukimwambia jengo linaungua, atakuuliza kwanza limeanzia upande gani. Leo anazindua albamu yake ya kwanza, inaitwa Zamu Mbili, muziki mtupu wa sintesaiza, yaani kile kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe. Ndani yake hakuna anayeimba, wala hakuna ngoma, na kijana wa studio aliyemrekodi ni shahidi, maana alimuuliza mara kwa mara, "Fundi, ngoma inaingia wapi?" na kila mara alijibiwa, "Haiingii."

Nami nikiri mapema kwamba katika mambo ya muziki mimi ni mgeni kama wageni wengine. Katika ujana wangu niliwahi kujiunga na kwaya. Mwalimu wa kwaya, mtu mwenye adabu sana, alinisikiliza, akatabasamu, akaniomba nisaidie kupanga viti. Nilipanga viti kwa moyo wote mpaka nilipopata kazi ya maji.

Sasa, kwa nini tumekusanyika humu, kwenye ukumbi mtupu wenye madoa ya grisi sakafuni, wakati mjini kuna kumbi zenye mapazia? Tazameni chini ya viti vyenu. Hayo matundu mnayoyaona ni ya boliti. Hapo ndipo zilipokaa pampu zetu za zamani, tatu, kila moja kubwa kama chumba cha kulala, na kila moja na tabia zake. Namba moja ilikuwa mpole. Namba mbili ilikuwa na kiburi asubuhi, ikishapata joto inatulia. Namba tatu ilikuwa na kikohozi. Mheshimiwa, wewe umezikuta mashine mpya, zile za ndani ya makabati ya bluu, zinazoendeshwa kwa skrini na zisizokohoa kamwe, na tunakushukuru kwa hizo kwa sababu maji yanafika mpaka juu kilimani. Lakini wewe hukuwahi kuona tulivyokuwa tukibadilishana zamu, na bila kulijua hilo huwezi kuuelewa muziki huu.

Ilikuwa hivi. Anayetoka na anayeingia wanasimama hapa, kwenye mstari huu wa njano, kati ya namba mbili na namba tatu. Hawasalimiani. Hawasimuliani ya nyumbani. Wanafunga midomo, wanasikiliza. Wanasikiliza mpaka kila mmoja aridhike kwamba mashine anayoisikia ndiyo ile anayoijua. Anayeingia akiridhika, anatikisa kichwa, mwenzake anavua glavu, anakwenda zake. Asiporidhika, hapokei, na hakuna mkubwa wa kumlazimisha, hata mimi msimamizi wao. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Tuliwakuta wenzetu wakifanya, nasi tukafanya. Wageni waliotembelea kituo walidhani tunasali.

Kwenye mstari huo, ndugu zangu, ndipo Taratibu alipopata mke.

Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkewe alikuwa mwendesha mitambo wa zamu ya asubuhi, mama mmoja mwepesi wa hatua, na tabia yake ilikuwa kuigongagonga geji ya presha kwa kucha kabla ya kuisoma, hata kama inasoma vizuri. Tukamwita Geji. Yeye akitoka, Taratibu anaingia. Wakawa wanasimama pale kusikiliza, na mimi nikiwa kwenye dirisha la ofisi nikaanza kuona kwamba kila siku zinahitajika dakika zaidi ili waridhike. Nikajiuliza, jamani, mashine zina ubovu gani? Nikashuka kukagua. Mashine hazikuwa na ubovu wowote.

Wakaoana. Wakapata binti. Na kwa kuwa hawakutaka mtoto alelewe na kuta, waliomba wabaki kwenye zamu tofauti, ili saa zote awepo mmoja nyumbani. Fikirieni maisha hayo. Mmoja akiamka, mwenzake analala. Mmoja akila, mwenzake yuko kazini. Wengine wakitaka kukaa na wake zao wanatafuta bustani. Hawa walikuwa na mstari wa njano na pampu inayokohoa, na hata hapo kuzungumza ni marufuku. Niliwahi kumuuliza Geji, "Mdogo wangu, hamchoki?" Akaniambia, "Dada, mimi nikisimama naye pale nakuwa nimeshaongea naye kila kitu." Nikaona ni maneno ya maharusi tu. Nikaendelea na kazi zangu.

Kisha pampu mpya zikaja. Za zamani zikazimwa, na wiki ile, wakazi wa nyumba za kituo nawaomba mnisahihishe kama naongopa, hakuna aliyelala. Tumezoea kusikia watu wakilalamikia kelele. Sisi tulikosa usingizi kwa sababu ya ukimya. Watoto waliozaliwa humu ndani walilia. Mzee wetu mmoja, namwona pale, asikatae, alihamishia feni kichwani pa kitanda, hakukuwa na joto lolote, ilimradi kitu kivume.

Mashine mpya zinahitaji watu wachache. Geji alikuwa na cheti, alikuwa na uwezo, akapandishwa cheo, akahamishwa kuwa msimamizi wa kituo kingine. Ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Cheo alistahili, narudia, alistahili kabisa, nami nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Lakini pale stendi nilimwona binti yao amelishika begi la mama yake kwa mikono miwili, haliachii.

Basi Taratibu akabaki na mtoto. Akajifunza kupika. Akajifunza kusuka nywele kwa kutazama video kwenye simu, na asubuhi za kwanza mtoto alikwenda shule na mistari kichwani iliyopinda kama bomba lililofungwa na mwanafunzi. Sisemi zaidi, siku hizi anasuka vizuri kuliko mimi. Halafu akasikia kuna bendi ya harusi imevunjika na wanauza vyombo, akaenda, akarudi na sintesaiza ya zamani isiyo na vibonye viwili. Akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Nikamuuliza, "Fundi, hiyo ya nini?" Akanijibu taratibu, kama kawaida yake, "Nataka niitengeneze namba tatu."

Hakuwa na nia ya muziki hata kidogo. Alitaka kuunda ule mvumo. Alikuwa anageuza vile vifundo vya kinanda jioni nzima, anarekodi kwa simu, anamtumia mkewe. Na Geji alikuwa anamjibu kama msimamizi hasa: "Hiyo siyo namba tatu, haina kikohozi." Anarudia. "Kikohozi kimekuja, lakini beringi ya juu inalia sana." Anarudia. "Hapo katikati inameza hewa." Anarudia tena. Mume na mke, huyu huku na huyu kule, wanatengeneza pampu isiyokuwepo! Na mtu asiniambie kwamba hayo si mapenzi.

Ikaendelea hivyo mpaka siku moja akamtumia kipande ambacho ndani yake mvumo unaanza chini kabisa, kisha juu yake inapita sauti nyingine, nyepesi, ndefu, haina haraka, inakwenda sambamba na ile ya kwanza bila kuigusa. Geji akakaa kimya kutwa nzima. Taratibu akaingiwa na wasiwasi, akaja ofisini kwangu akasimama mlangoni, nikajua kuna jambo. Jioni jibu likaja. Geji aliandika, "Hapo sasa sisikii pampu tena. Endelea hivyohivyo."

Mheshimiwa, albamu hii ilianzia hapo.

Aliponiletea mara ya kwanza niisikilize, nilivaa vile vidude vya masikioni, nikakaa kwa heshima nikisubiri wimbo uanze. Nikasubiri. Nikamwambia, "Naam, unaanza lini?" Akasema, "Umeisha, mama." Nikamsifia sana, kama unavyomsifia mtu aliyekuonyesha picha ya mtoto mchanga. Lakini nilikwenda nayo nyumbani. Siku ya mapumziko nikaiwasha nikiwa nakunja nguo, na katikati ya kukunja nikagundua kwamba mikono yangu imepunguza kasi, na shuka nimeikunja pembe kwa pembe jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe. Nikaketi. Nikasikiliza bila kufanya kitu kingine. Na nikahisi, sijui niseme vipi, nikahisi kama kuna mtu amesimama kando yangu, hasemi, hana haja ya kusema, yupo tu.

Nililia. Nasema wazi, maana sioni aibu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kukaa hivyo. Ungeweza kumenya viazi sufuria nzima yeye akiwa upande wa pili wa meza na gazeti lake, na mkamaliza mchana bila neno, na ukainuka hapo umeshiba maongezi. Tangu aondoke nimesikia muziki mwingi wa kunichangamsha. Huu ndio wa kwanza ambao haukutaka nichangamke.

Naona mshereheshaji anatazama saa. Mwanangu, itazame vizuri, ina mkanda mzuri.

Siwezi kuacha kutaja namna Mheshimiwa alivyoujua muziki huu, kwa sababu hakuujua kwa njia ya heshima. Mchana mmoja, Taratibu akiwa likizo nyumbani kwake, hapo nyuma ya ukuta, alifungua madirisha akaweka kipande cha nne kwenye spika kubwa, kile ambacho mvumo unashuka, unashuka, kisha unatetemeka kabla ya kutulia. Zamuni alikuwepo kijana wetu Breki. Simama wakuone, Breki. Asante, kaa. Breki ana masikio ya kazi, na hakuwa amesahau namba tatu. Akasikia mtetemo, akajua pampu inakufa. Hakutazama skrini, hakuuliza, alikimbia akabonyeza swichi nyekundu. Pampu nzima mpya, isiyo na kosa, ikazima! Maji yakakatika upande wote wa chini. Kinyozi wa pale njia panda alibaki na mteja mwenye povu kichwani. Dobi akabaki na mashuka ya watu kwenye sabuni. Na simu ya ofisini kwangu, ndugu zangu, haikupumua.

Tukaitwa makao makuu, Taratibu, Breki na mimi. Kikao kilikuwa kizito. Mkubwa mmoja akauliza kwa ukali ni mwendesha mitambo gani anayezima pampu kwa sababu ya wimbo. Breki akajibu, "Mheshimiwa, haukuwa wimbo. Ilikuwa namba tatu." Na sisi wawili tuliofuatana naye tukatikisa vichwa kukubaliana naye, jambo ambalo halikutusaidia. Ndipo Mkurugenzi wetu, na hili nalisema mbele ya watu kwa sababu wema wa mkubwa nao usemwe, akaomba ausikie huo muziki. Akavaa vile vidude. Akafumba macho. Kikao kizima kinamsubiri. Alipovivua akasema mambo mawili: kwamba muziki huu usipigwe tena karibu na chumba cha mitambo, na kwamba anaomba apatiwe nakala ya kusikiliza garini. Ni wakuu wangapi wangemaliza kesi namna hiyo? Tulirudi tukiimba, isipokuwa mimi, ambaye nilipanga mizigo.

Basi nimesifu, na sasa nikiwa bado nina kipaza sauti mkononi, naomba niseme lililonileta.

Geji amekuja. Yupo safu ya tatu, mwenye kitambaa cha kijani. Amepata ruhusa ya siku chache aje ausikie muziki ambao nusu yake ni wake, na kila kitu alichosahihisha kimo humo ndani. Tangu ahamishwe, Taratibu ameomba mkewe arudishwe, na jibu ni kwamba hapa hakuna nafasi, kwa sababu kituo kina msimamizi mmoja, naye ni mimi. Akaomba yeye amfuate mkewe, na jibu ni kwamba kule hawahitaji fundi mwingine. Majibu yote mawili ni ya kweli. Nimeyakagua mwenyewe, nikitafuta kosa, sikuliona. Mheshimiwa, wewe umeniambia mara mbili, kwa upole, na sikulaumu, "Nafasi ikipatikana tutaangalia."

Nimekaa na albamu hii kwa muda. Nimeisikiliza nikikunja nguo zangu, za mtu mmoja. Na nimejiuliza jambo ambalo si gumu: mume wangu mimi nilimzika, na hakuna mkurugenzi duniani awezaye kunirudishia, lakini hawa wawili wametenganishwa na uhamisho tu, na uhamisho si una dawa?

Mheshimiwa, nafasi imepatikana. Ni hii yangu.

Nimeshazungumza na ofisa utumishi. Amesema wasimamizi wawili wenye daraja moja wanaweza kubadilishana vituo, mradi wote waridhike na Mkurugenzi akubali. Mimi nimeridhika. Watoto wangu ni wakubwa, wana nyumba zao, na wakinitaka watapanda basi. Nitakwenda kule kwa Geji, Geji atarudi hapa kwake. Kazi haitapungua hata tone, wala Idara haitaingia gharama yoyote zaidi ya gari la kunibebea kabati.

Geji, kaa chini, mdogo wangu. Usinitazame hivyo, utaniharibia hotuba. Sikukuuliza kwanza kwa sababu najua ungekataa kwa adabu, na adabu yako ni ndefu, ingetuchukua mwaka. Mlango wa ofisi unabana, usukume kwa bega. Kiti kinazunguka kulia tu. Breki ni kijana mzuri, lakini mwekee kifuniko kwenye ile swichi.

Na wewe fundi, sasa hivi naona unataka kusema neno, na kwa mwendo wako litafika wiki ijayo. Liache. Umeshalisema humu kwenye albamu, nami nimelisikia.

Mheshimiwa Mkurugenzi anatikisa kichwa. Mshereheshaji, wewe uko karibu naye, hebu nithibitishie: anakitikisa juu na chini, siyo kulia na kushoto? Juu na chini. Haya, ukumbi wote mmeona. Mheshimiwa, ahsante. Nilijua.

Wageni wetu, wastaafu, wenzangu niliokula nao chumvi ya ukumbi huu, nawashukuru kwa masikio yenu. Muda si mrefu muziki utaanza; ninyi wa chumba cha mitambo, fungeni dirisha. Msisubiri uanze kama nilivyosubiri mimi. Ukiona umetulia, jua umeshaanza zamani.

Nimebakiza neno moja, nalo ni la binti yao, aliye pale juu ya bomba. Mwanangu, leo asubuhi uliniuliza basi la mama linaondoka saa ngapi, nami nikakwambia ngoja niulize. Nimeuliza. Anakwenda kufungasha vitu vyake, halafu anarudi kukaa.